Vitabu Alivyosomewa Hakimu

Dada yangu amemaliza vitabu vingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na sidhani kama amewahi kukishika hata kimoja zaidi ya kukifuta vumbi au kukirudisha kilikotoka. Kusoma anajua, tena upesi kuliko mimi. Tatizo lake ni mikono. Anayo miwili kama sisi wengine, na yote miwili imo kichwani mwa mtu tangu anapofungua mlango mpaka anapoufunga. Dada ni msusi. Mimi ni mdogo wake, na kazi yangu ni kuosha nywele, kukausha, kufagia, na kucheka pale ninapoambiwa nisicheke.

Utaratibu wa saluni yetu uko hivi. Mteja akiketi na kufungwa kile kitambaa cheusi cha shingoni, hapewi gazeti la zamani. Anapewa kitabu, tena hapewi kuanzia mwanzo. Anaanzia pale mteja aliyemtangulia alipoachia, na anasoma kwa sauti, ili dada asikie na sisi wengine tusikie. Mgeni akishangaa, dada humwambia, "Mimi nakushikia kichwa, wewe nishikie kitabu." Wengi hukubali. Mtu ambaye kichwa chake kimo mikononi mwa mwenzake huwa si mbishi.

Kitabu kikifika mwisho, dada anamalizia msuko alionao, anaukaza, halafu anatoa hukumu. Ni sentensi moja, ikizidi sana ni tatu. Haina rufaa. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Hakimu, na yeye anajifanya hapendi jina hilo.

Hukumu zake ni za haki, ila inabidi umjue msomaji. Mwaka jana tulianza na hadithi ya mzimu uliokuwa unanong'ona kwenye nyumba ya urithi. Sehemu kubwa ilisomwa na fundi cherehani wa jirani yetu akiwa chini ya draya. Mtu aliye chini ya draya hajisikii, kwa hiyo anapiga kelele. Mzimu ulinong'ona mpaka watu wa duka la dawa wakaja kuuliza kuna nini. Hukumu ya dada: "Mzimu mzuri, lakini una makelele." Hakuna aliyethubutu kumweleza fundi.

Kikaja cha upelelezi. Hicho kilimwangukia askari wa usalama barabarani, mteja wetu wa siku nyingi, mwanamke ambaye hata akiwa amekaa unaona kama amesimama. Alisoma sura ya kwanza, akafunga kitabu juu ya kidole na kusema, "Ni daktari." Tukamwomba aendelee tu. Aliendelea, na kila daktari alipotokea alisoma kwa sauti ya kumkamata. Mwishoni alikuwa ni daktari kweli. Dada alisema, "Muuaji nilimjua mapema mno, na hilo si kosa la mwandishi."

Kile cha kutajirika kabla ya uzee kilipata hukumu ambayo bado inatembea mtaani: "Mwenye kitabu ametajirika. Sisi ndio tuliokinunua." Kile cha kulea watoto kilisomwa na mama wa mapacha, ambaye ilibidi aache kusoma kila mara kwenda kumtoa mmoja wao kwenye beseni langu la kuoshea. Hukumu: "Mwandishi hana mtoto, au ana yaya." Cha wafalme na vita vyao, kinene kama tofali, alisema, "Wanapigana kutwa na hakuna anayepika." Kumbukumbu za mwanasiasa mmoja mstaafu: "Kila aliyekosea ni mwingine."

Usidhani anaponda tu. Kulikuwa na kitabu cha mashairi, chembamba, alichokisoma muuguzi kwa sauti yake ile ya wodini. Dada alimwomba arudie shairi moja, halafu tena. Kisha akasema, "Sijaelewa kitu, na leo sitaweza kufikiria kingine." Nilimwona akilitamka lile shairi wakati anahesabu vibanio. Nami nilitamani kumtania, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nalitamka pia.

Sasa nikwambie vitabu vilitoka wapi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la viatu lililofungwa zamani, kuna mtu anauza vitabu vilivyokwisha kusomwa. Tunamwita Bwana Vitabu. Ni mjane, mtu mzima mwenye mvi zilizokaa vizuri, mashati yake yamepigwa pasi mpaka mikononi, na maneno yake ni ya kutafuta kwa tochi. Dada akimaliza kitabu humrudishia mwenyewe, anamwambia hukumu pale mezani, na Bwana Vitabu anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Halafu anainama, anatoa kingine kilichofungwa kwenye gazeti, tayari, kana kwamba kilikuwa kinangoja zamu. Naye hukumu hizo huwapelekea wateja wake. "Hakimu anasema hiki kina makelele," husema, na watu wananunua.

Kwa kazi ya kuvuka barabara na kurudi, dada alianza kupaka manukato. Nilimuuliza kama vitabu siku hizi vinanusa. Akanirushia taulo.

Asubuhi moja nilipita mbele ya ile meza na kusema, "Habari za kuamka, shemeji." Bwana Vitabu aliangusha rundo zima. Nikamsaidia kuokota, sote tukiwa tumeinama ili tusitazamane.

Lakini dada ana lake moyoni, na wote tunalijua. Aliwahi kuolewa. Mume wake hakuwa mlevi wala mkali. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Alinyamaza chakula kikiwa kizuri na kikiwa kibaya, alinyamaza dada alipougua, na siku moja akaondoka vilevile, bila kusema anakwenda wapi wala kwa nini. Ufunguo aliuacha kwa jirani. Tangu hapo dada husema anaweza kuvumilia kila aina ya mwanamume isipokuwa yule wa kumkisia. Hata kile kitabu cha mapenzi kilichowaliza wateja wote mpaka nikaishiwa taulo, yeye alikihukumu kwa jicho kavu: "Wangezungumza mapema, kingekuwa karatasi moja."

Ilipokaribia mwisho wa mwaka dada akashikwa na mafua, nikatumwa mimi kurudisha kitabu. Bwana Vitabu alipokea hukumu, hakucheka. Alinyoosha magazeti yaliyokuwa yamenyooka.

"Kaka yangu ananiita," akasema. "Amefungua duka la vifaa vya shule, mji mwingine, mbali. Anataka nilisimamie. Amenipa mpaka mwisho wa mwaka nimjibu."

"Na wewe unataka?"

Akatoa kitabu kilichofungwa kwenye gazeti, akakishika kwa mikono yote miwili. "Mpelekee Hakimu hiki. Akisema ni kizuri, nitabaki, na nitajua namna ya kuanza kuzungumza naye. Akisema si kizuri, basi nitakuwa nimejibiwa."

"Bwana Vitabu, si umwambie tu? Yuko pale, unamwona, anapenga kamasi."

"Kwa kitabu ni rahisi," akasema. "Ungoje sura ya tisa. Lakini usimwambie mtu."

Niliahidi. Mdomo wangu haukuumbwa kwa kazi ya namna hiyo, lakini niliufunga.

Kilikuwa kitabu kidogo, kisa cha fundi saa aliyefiwa na mke, na mwanamke mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Ukishaambiwa hivyo utashangaa kwamba dada hakushtuka. Sisi tulishtuka. Muuguzi aliposoma ukurasa wa kwanza aliinua macho akaangalia dirishani, akayarudisha upesi. Dada alisema tu, "Endelea, usinitingishie kichwa." Mtu akiwa ndani ya jambo lake huwa wa mwisho kuliona, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumwonyesha.

Fundi saa alifagia mbele ya duka la yule mwanamke. Akamtengenezea saa ya ukutani ambayo haikuwa mbovu, akaitengeneza tena. Sura baada ya sura hakusema neno. Dada alianza kusuka polepole, jambo ambalo si la kawaida yake, na wateja wakalalamika kwamba wanakaa mno. Askari alisoma sura ya nane kwa ukali, akauliza, "Huyu mtu anangoja nini, taa iwe kijani?" Dada akasema, "Atasema. Mwache." Nikasikia kitu kooni mwake ambacho sijakisikia tangu tukiwa wasichana.

Jumamosi iliyofuata akaja shangazi.

Shangazi ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyetulea. Alikuwa karani wa mahakama, kazi yake kuwasomea watu mashtaka yao, na mpaka leo akisoma chochote, hata maelezo ya dawa ya kikohozi, unahisi umekosa. Anasukwa bure na anakosoa bure. Siku hiyo alichukua kitabu, akavaa miwani, akaanza. Mimi nilikuwa na mteja kwenye beseni, bomba limefunguliwa, sabuni imefika kwenye viwiko, sikusikia kitu ila sauti ya kushtaki inayokwenda mbele. Nilipofunga maji shangazi alikuwa anamaliza sentensi ya mwisho: duka la saa limefungwa, saa zote zimesimama, na ufunguo ameachiwa jirani.

Dada alimalizia msuko aliokuwa nao, akaukaza mpaka shangazi akakunja uso.

"Ametazama kitabu kizima," akasema, "halafu ameondoka bila kusema. Mwanamume huyu namjua. Nimeshawahi kumpikia."

Alivua aproni, akachukua kitabu, akavuka barabara bila manukato. Nilimtazama kupitia dirishani. Nilimwona akisema, nikamwona Bwana Vitabu akitikisa kichwa taratibu, mabega yake yametulia. Alikipokea kitabu na kukitia chini ya meza. Hakuinama kutoa kingine. Dada alirudi mikono mitupu, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Hana kingine?" nikauliza.

"Anasema anafunga mwaka." Akachukua chanuo. "Anayefuata nani?"

Wiki hiyo nisingemtakia adui yangu. Kwa kuwa hapakuwa na kitabu, wateja walianza kuzungumza, na mazungumzo yao yalikuwa mabaya kuliko kitabu chochote tulichowahi kukihukumu. Dada alikuwa anasuka kwa kukaza kiasi kwamba watu walitoka na macho yamevutwa kama wameona kitu cha ajabu njiani. Na ng'ambo Bwana Vitabu alikuwa anapanga vitabu kwenye maboksi. Alifunga kila boksi kwa kamba, akaliandika ubavuni kwa mwandiko wake mzuri. Dada alijifanya haangalii. Alikuwa anasafisha kioo kile kimoja cha dirisha kila asubuhi.

Nilishindwa. Nilimwendea mezani. "Sura ya tisa ilikuwa na nini?"

"Hujaisikia?"

"Nilikuwa na bomba."

"Basi Hakimu ameisikia," akasema. "Fundi saa amesema yote, kurasa nzima, na yeye akaona si kitu. Simlaumu."

Nikamwomba kile kitabu, nikakisoma nimesimama pale pale. Alikuwa amesema kweli. Katika sura ya tisa fundi saa anavuka barabara na anazungumza, tena anazungumza kama mtu aliyefunguliwa bomba. Na ile sura ya mwisho, ya duka kufungwa na ufunguo kuachiwa jirani, ni kwa sababu wameondoka wote wawili kwenda kuona bahari, safari waliyopatana katika hiyo sura ya tisa. Kwa dada hayo hayakusomwa. Dada alisikia mtu anatazama, anatazama, kisha mlango umefungwa. Na aliyekuwa ameshika kitabu namjua.

Kumwita shangazi nje ya zamu yake si rahisi. Nilimpigia simu nikamwambia kwamba mstari wa nyuma wa msuko wake umekwenda upande. Mstari ulikuwa umenyooka. Alifika kabla sijaweka maji ya chai jikoni.

Saluni ilikuwa imejaa. Dada alikuwa ameshaanza kufumua nyuma ya kichwa cha shangazi, akisema haoni kasoro, nami nikasimama mbele yao na fagio.

"Shangazi, sura ya tisa ilikwenda wapi?"

Shangazi hakutikisika. "Niliiruka."

Mikono ya dada ilipungua mwendo. "Uliruka sura?"

"Nimewasomea watu maneno yasiyo yangu maisha yangu yote," shangazi akasema, kwa ile sauti ya mashtaka. "Mengine nilitakiwa kuyasoma, nikayasoma. Yale sikuyasoma. Nimefungua ukurasa nikaona ni maneno ya kumwambia mwanamke, nikajua nani ameyaleta na kwa nini. Nikasema hapana. Hayo hayasomwi na karani. Mwenyewe ana mdomo, aje ayaseme." Kisha sauti yake ikashuka. "Nilidhani atakuja. Sikujua kwamba na yeye anangoja hukumu. Hapo nimekosea, mwanangu."

"Mwenyewe nani?" dada akauliza.

Muuguzi, askari, fundi cherehani na mama wa mapacha, wote waligeuza vichwa kuelekea dirishani, waliosukwa na ambao bado. Dada akageuka wa mwisho. Ng'ambo ya barabara Bwana Vitabu alikuwa anakaza kamba ya boksi kwa goti. Nilimwona dada akielewa, na nilimwona akiogopa, na nikatoka mbio kabla hajanizuia.

Bwana Vitabu alikuwa hajawahi kuingia saluni. Alisimama mlangoni ameshika kitabu kifuani, akanusa dawa za nywele, akapiga chafya. Nilimkalisha kwenye kiti kilichokuwa wazi, na kwa mazoea tu nikamfunga kile kitambaa cheusi shingoni. Alikubali. Pengine alidhani ndiyo sheria.

"Sura ya tisa," shangazi akaamuru. "Kwa sauti."

Alisoma. Mwanzoni sauti ilikuwa inakwama, ikabidi askari amwambie asogee mbele. Kisha ikakaa sawa. Dada alikuwa amesimama nyuma ya shangazi, vidole vimo kwenye nywele, vinasuka. Bwana Vitabu akafika mahali fundi saa anaposema, "Saa yako nimeitengeneza mara nyingi, na haijapata kuharibika." Hapo akasimama. Akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Na mimi," akasema, akitazama sakafu yangu, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeifagia. "Vile vitabu sikuwa naviokota tu kwenye rundo. Kila kimoja nilikisoma kwanza, nikijiuliza wewe utasema nini. Nilikuwa nakosea kila mara. Nilifurahi kukosea. Kaka yangu ananiita niende kwake, na mimi sitaki kwenda. Nataka kubaki hapa, nikuone unavuka barabara. Hilo ndilo nililotaka kukwambia, na nimekuzungusha mwaka mzima."

Vidole vya dada vilikuwa vimesimama. Naomba uelewe maana yake. Umeme umewahi kukatika, mabomba yamewahi kupasuka, mimi nimewahi kuanguka na beseni la maji ya moto, na vidole vile havikusimama. Sasa vilikuwa vimeshika msuko wa shangazi na haviendi popote, na macho ya dada yalikuwa yamejaa maji.

Tukangoja hukumu. Hata draya ilikuwa imezimwa, sijui na nani.

"Sura ni ndefu kidogo," dada akasema.

Akamalizia ule msuko. Akaukaza, taratibu.

"Lakini amesema."

Bwana Vitabu aliinua uso. Dada hakumpa nafasi ya kutafuta maneno mengine kwa tochi.

"Kesho tunaanza kipi?" akamuuliza.

"Vyote nimevifunga kwenye maboksi."

"Basi kavifungue."

Aliinuka, akagonga kiti, akakiomba radhi, akatoka. Alivuka barabara na kile kitambaa cheusi bado shingoni, kinapepea nyuma yake, na magari yakampisha. Shangazi aliniambia nimkimbilie nikakichukue. Dada akasema kiacheni, atakirudisha mwenyewe.